UDAKTARI WA SHERIA UWE NA JIBU KWA WANANCHI

Tangu shughuli za Serikali zilipoanza kuhamia Dodoma, mji wetu umepata wanasheria wengi kuliko wakati wowote katika historia yake. Bunge linakutana hapa tangu mwaka 1996. Wizara, pamoja na ile ya Katiba na Sheria, zimejenga ofisi zake Mtumba. Makao makuu ya Mahakama ya Tanzania yalifunguliwa hapa tarehe 5 Aprili 2025. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kinafundisha sheria pamoja na taaluma nyingine. Miongoni mwa mahakimu, mawakili wa Serikali, waandishi wa miswada na walimu waliokusanyika katika mji huu, wako ambao baada ya saa za kazi hawaendi kupumzika. Hujifungia na vitabu vyao hadi usiku wa manane, wakiitafuta shahada ya juu kabisa ya sheria, ile ya uzamivu, ambayo humpa mwenye kuipata haki ya kuitwa Daktari.

Sisi tunawapongeza watu hao. Taifa lisilokuwa na watu wa kuzamia elimu hubaki likiokota makombo ya wengine, na katika mambo ya sheria makombo hayo huwa machungu, kwa kuwa sheria ngeni humhukumu mwenyeji bila ya kumjua. Lakini pamoja na pongezi hizo, tunaona wakati umefika wa kuuliza swali ambalo halina budi kuulizwa katika mji wenye Bunge, Mahakama na Chuo Kikuu. Udaktari huu wa sheria unamjibu nani? Mwananchi wa Hombolo au Nala, ambaye kodi yake huchangia kuwasomesha wasomi hawa, atapata nini siku tasnifu itakapokamilika na kuwekwa kabatini?

Yafaa kwanza ieleweke shahada yenyewe ni kitu gani, maana majina yake huwachanganya hata watu waliosoma. Huko Marekani shahada ya kwanza ya sheria, ile ya kumfanya mtu awe wakili, huitwa J.D. na ndani yake mna neno daktari, lakini mwenye nayo hakufanya utafiti wa kuandika tasnifu, wala kwa kawaida haitwi Daktari. Ile ya utafiti, ambayo hufuata baada ya shahada ya pili, huitwa S.J.D. au J.S.D. Katika vyuo vinavyofuata utaratibu wa Uingereza, kama vilivyo vya kwetu, shahada ya utafiti ni Ph.D., na LL.D. mara nyingi hutolewa kwa heshima au kwa ajili ya maandishi ya maisha mazima. Herufi zikiwa hizi au zile, kiini cha shahada ya utafiti ni kimoja. Mtu huchukua swali moja ambalo halijapata jibu, hulitafutia jibu kwa miaka mitatu au zaidi chini ya msimamizi, huandika tasnifu, kisha husimama mbele ya watahini na kuitetea. Asiyeongeza jambo jipya katika elimu ya sheria hastahili kuipata, hata awe amesoma vitabu vyote vya maktaba.

Kwa hiyo shahada hii hupimwa kwa swali lake. Mtu akiuliza swali dogo, atapata jibu dogo kwa gharama kubwa. Akiuliza swali la watu wengine, atawapatia watu wengine jibu. Tunasema hivyo kwa sababu historia ya nchi yetu inayo mifano ya pande zote mbili.

Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilifungua milango yake Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London na kikiwa na wanafunzi wasiofika 20. Ndicho kilichokuwa kitivo cha kwanza cha chuo hicho kipya, na tangu hapo mahakimu na mawakili wa Afrika Mashariki nzima wamekuwa wakipita humo. Hata hivyo, kwa miaka mingi walimu wa sheria wengi waliotaka udaktari walilazimika kufunga safari kwenda ng'ambo. Dakta Asha-Rose Migiro aliupata katika Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, mwaka 1992. Profesa Palamagamba Kabudi aliupata Berlin mwaka 1995. Wote wawili walirudi, wakafundisha, na baadaye wakashika Wizara yenye dhamana ya sheria. Hatuoni ubaya wowote katika safari hizo. Mwenye kiu hafuati rangi ya mtungi. Lakini safari ya mbali huja na maktaba ya mbali na msimamizi wa mbali, na mtafiti hana budi kuwa na moyo imara ili swali lake libaki kuwa la nyumbani.

Profesa Issa Shivji alikamilisha udaktari wake hapahapa nchini, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1982. Swali lake lilihusu kazi za ujira na sheria za kazi nchini Tanganyika, tangu miaka ya 1920 hadi 1964: vibarua wa mashamba ya mkonge na makuli wa bandari, waliajiriwaje, walitozwa nini, waligoma lini, na sheria ilisimama upande wa nani. Tasnifu hiyo ilitoka kama kitabu mwaka 1986. Januari 1991 mtafiti huyohuyo akateuliwa kuwa Mwenyekiti wa Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, na Tume ikazunguka mikoani ikiwasikiliza wananchi katika mikutano ya hadhara hadi ilipotoa taarifa yake mwishoni mwa mwaka 1992. Serikali haikuyakubali mapendekezo yote, na baadhi ya yale makubwa, hasa la kuiondoa milki kuu ya ardhi mikononi mwa Serikali Kuu, liliachwa kando. Hata hivyo Sera ya Ardhi ya mwaka 1995 na Sheria za Ardhi Namba 4 na Namba 5 za mwaka 1999 haziwezi kuelezwa bila ya kuitaja kazi ya Tume ile. Hapo twaona jinsi mtu aliyejizoeza kuuliza maswali ya wafanyakazi alivyofaa baadaye kuyapokea maswali ya wakulima.

Upo na mfano wa pili, nao unatutia hofu. Hans Cory, mzaliwa wa Vienna, alikuwa mtumishi wa Serikali ya kikoloni aliyekusanya mila za makabila kadhaa ya Tanganyika, na vitabu vyake kuhusu sheria za Wahaya na Wasukuma vilisomwa sana na maofisa. Kazi ya kuziunganisha mila hizo ziwe kanuni za maandishi ilipoanza mwaka 1961 yeye alikuwamo, na alipofariki mwaka 1962 wengine wakaiendeleza. Mwaka 1963 kanuni hizo zikatangazwa kuwa sheria. Katika mambo ya urithi zilimweka binti katika daraja la mwisho, na mjane akaachwa atunzwe na watoto wake, bila ya fungu lake mwenyewe.

Baada ya zaidi ya miaka 40, wajane wawili wa Shinyanga walizipinga kanuni hizo Mahakama Kuu. Mwaka 2006 Mahakama ilikiri kwamba zinabagua, lakini ikaona kwamba mila haziwezi kubadilishwa kwa hukumu moja ya mahakama. Wajane wakalipeleka lalamiko lao katika Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 Kamati ikaamua kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa. Tuangalie urefu wa njia hiyo. Utafiti ulioandikwa enzi za ukoloni, kwa kuwasikiliza zaidi wazee wanaume, ulikuwa bado unamtoa mjane katika nyumba yake katika karne ya 21. Mila za vijijini zilikuwa zinabadilika miaka yote hiyo, lakini karatasi haikubadilika. Asiyeamini kwamba utafiti wa sheria unaweza kumfikia mtu jikoni mwake na aende akawaulize wajane wale.

Kwa sababu hiyo hatukubaliani na wale wasemao kwamba udaktari wa sheria ni pambo la wasomi tu. Laiti ungekuwa pambo, usingekuwa na madhara. Utafiti mzuri huweza kumpatia mkulima haki yake, na utafiti wa upande mmoja huweza kumnyang'anya mjane shamba. Kati ya mambo hayo mawili, tofauti huletwa na nani aliulizwa, kwa lugha gani, na nani alipewa nafasi ya kulisahihisha jibu kabla halijawa sheria.

Sasa na tuutazame mkoa wetu wenyewe. Hapa Dodoma, mwaka 1994, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitoa hukumu kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba yetu. Hukumu hiyo ilisomwa mbali. Mwaka uliofuata, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilipokuwa inaiondoa adhabu hiyo nchini mwake, majaji wake waliitaja na kuijadili hukumu hii ya Dodoma. Lakini hapa nyumbani Mahakama ya Rufani ilikwisha kuitengua, Januari 1995. Majaji wa Rufani walikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na ya kumtweza mtu, ila wakaona kwamba Katiba, katika ibara ya 30(2), inaweza kuiruhusu, na kwamba ni juu ya jamii kuamua kama inaihitaji.

Jamii itaamua kwa kutumia kitu gani? Itaamua kwa hasira za siku ya msiba, au kwa maelezo yaliyokusanywa na mtu aliyekaa na mafaili ya mahakama, akazungumza na ndugu wa waliouawa, akazungumza na askari magereza, na akapima kwa utulivu kama adhabu hiyo imepata kumzuia muuaji yeyote katika nyanda hizi za kati? Hapo ndipo mahali pa mtafiti. Mahakama imemaliza sehemu yake kwa kuirudisha hoja kwa jamii, na jamii haiwezi kuijibu kwa kubahatisha. Iwapo mwanasheria mmoja wa Dodoma angeitumia miaka yake mitatu kwa swali hilo, angelisaidia Bunge, lililo umbali wa mwendo mfupi kutoka mahakama iliyotoa hukumu ile, kujadili jambo hilo huku likiwa na ushahidi mkononi.

Ardhi nayo ni swali ambalo hapa kwetu halihitaji kutafutwa. Mwaka 1970 na 1971 Operesheni Dodoma iliwahamisha wananchi wa mkoa huu kutoka katika makazi yao ya zamani na kuwakusanya vijijini, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alishiriki kazi Chamwino. Mwaka 1973 ikaamuliwa kwamba Dodoma iwe Makao Makuu, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wengi wetu tuliijua kwa jina la CDA, ikakabidhiwa mji na vijiji vilivyouzunguka ipange na kugawa viwanja. Mei 2017 Mamlaka hiyo ikavunjwa na madaraka yake yakaenda kwa Manispaa. Tarehe 26 Aprili 2018 Manispaa ikatangazwa kuwa Jiji, na mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuitambua Dodoma kuwa Makao Makuu. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta watu 410,000 hivi katika eneo la Manispaa. Ile ya mwaka 2022 ikakuta zaidi ya 760,000 katika Jiji.

Katika maisha ya mzee mmoja wa Kigogo, basi, shamba lilelile la mtama limepita katika mikono ya mila, ya operesheni, ya Mamlaka, ya Manispaa na ya Jiji. Kila mkono ulikuja na karatasi zake. Mzee huyo ana haki gani leo, na ushahidi wake ni upi? Ni mti uliopandwa na babu yake, ni kaburi, ni risiti ya fidia, au ni barua ya ofisi ambayo haipo tena? Mwishoni mwa mwaka 1994, katika shauri la wakulima wawili wa Arusha, baba na mwanawe, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba Bunge halikuwa na uwezo wa kuifuta bila ya fidia ya haki. Hukumu hiyo ni nguzo. Lakini namna nguzo hiyo inavyosimama katika mji uliopangwa na kupangwa tena, kama huu wa kwetu, ni jambo la kuchunguzwa shauri kwa shauri na kijiji kwa kijiji. Hatujui kazi ya sheria inayofaa zaidi kufanywa na mtu anayeishi Dodoma.

Maswali mengine yako mlangoni. Wagogo wana desturi ya kuwakabidhi ndugu na marafiki ng'ombe wao wawatunze, ili ukame au ugonjwa usiwamalize wote mahali pamoja. Mwanaanthropolojia Peter Rigby aliyaeleza maisha ya Wagogo na ng'ombe wao katika kitabu alichokitoa mwaka 1969. Ng'ombe aliyekabidhiwa akifa, akizaa, au mwenyewe akifariki bila ya kuandika, Mahakama ya Mwanzo huamua kwa sheria ipi? Mkulima wa zabibu anayekosana na mnunuzi juu ya uzito na bei hupata msaada gani? Mke aliyelima shamba miaka 20 hupata fungu gani ndoa inapovunjika? Juu ya hilo la mwisho, Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Lakini je, mabaraza ya kata yanaifuata hukumu hiyo? Hakuna atakayejua mpaka mtu aende akakae nayo na kuyahesabu maamuzi yake.

Hapa ndipo tunapouona umuhimu wa mtafiti aliye kazini. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Hakimu aliyesikiliza mashauri ya mirathi Kondoa au Mpwapwa kwa miaka 10 anajua kanuni inapokwama, kuliko kijana anayetoka darasa moja kwenda lingine. Mwandishi wa miswada anajua ni kifungu gani kilipitishwa kwa haraka. Watu kama hao wakipewa nafasi ya kuugeuza uzoefu wao kuwa utafiti, udaktari wao utakuwa na mizizi. Vyuo vyetu vimekwisha kufungua njia. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa mwaka 1992, huwawezesha watu kusoma bila ya kuacha kazi, na tangu mwaka 2008 kipo Dar es Salaam kituo cha Watanzania na Wajerumani kinachofundisha sheria za Afrika Mashariki hadi ngazi ya uzamivu.

Hata hivyo, tusidanganyane kwamba njia hiyo ni nyepesi. Mtu aliye kazini husoma akiwa amechoka, na wengi huishia katikati. Iko pia hatari nyingine isiyosemwa mara nyingi: ni vigumu kwa mtu kuichunguza ofisi inayomlipa mshahara. Hakimu akigundua kwamba mahakama za ngazi yake hukosea, je, ataandika? Wakili wa Serikali akiona kwamba fidia za ardhi zililipwa kinyume cha sheria, je, atathubutu? Hapana budi viongozi wa taasisi hizo wamhakikishie mtumishi wao kwamba utafiti uliofanywa kwa uaminifu hautahesabiwa kuwa utovu wa nidhamu. Bila ya hakikisho hilo, tutapata tasnifu nyingi zenye adabu na zisizo na faida.

Jambo kubwa kupita yote ni lugha. Katika Mahakama za Mwanzo mwananchi hushitaki, hujitetea na huhukumiwa kwa Kiswahili. Januari 2021 Jaji Zephrine Galeba, akiwa Mahakama Kuu Musoma, alitoa hukumu kwa Kiswahili, na nchi nzima ikazungumza. Mwaka huohuo Bunge, hapa Dodoma, likapitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Lakini sheria bado inafundishwa vyuoni kwa Kiingereza, na tasnifu za uzamivu wa sheria bado zinaandikwa kwa Kiingereza. Mtafiti huenda kijijini na maswali ya Kiswahili, pengine na mkalimani wa Kigogo au Kirangi, hukusanya majibu, kisha huyafungia ndani ya lugha ambayo waliomjibu hawawezi kuisoma. Hata wakikosewa, hawatajua. Kosa la enzi za Cory hurudiwa hivyo na watu wenye nia njema.

Tunajua hoja zinazotolewa kupinga. Husemwa kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha za sheria. Hoja hiyo ni ya zamani, na imekwisha kujibiwa kwa vitendo. Mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Dar es Salaam, Profesa A. B. Weston, ambaye hakuzaliwa katika lugha hii, aliandika juu ya matatizo ya sheria kwa Kiswahili katika miaka ya 1960, na mwaka 1968 kitabu cha istilahi za sheria kikatolewa. Mwaka 1999 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya sheria. Istilahi hukua kwa kutumiwa, na hakuna mahali panapozitumia kwa makini zaidi kuliko tasnifu ya udaktari, ambamo kila neno hutakiwa kutetewa. Wanafunzi wa uzamivu wa Kiswahili huandika tasnifu zao kwa Kiswahili na hupata shahada zao kwa heshima.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Mtahini wa nje, husemwa, huweza kuwa mtu wa Nairobi, Kampala au Bayreuth. Elimu ya sheria ni ya dunia, na hukumu ya Dodoma isingesomwa Afrika Kusini kama ingeandikwa kwa Kiswahili. Tunakubali. Kwa hiyo hatudai kwamba Kiingereza kifukuzwe vyuoni. Tunachodai ni kwamba mtafiti apewe hiari ya kuandika kwa Kiswahili pale ambapo watahini wanapatikana, na kwamba yule anayeandika kwa Kiingereza asipewe shahada mpaka awe ameambatisha maelezo kamili kwa Kiswahili: swali lake, njia yake, alichokiona na anachopendekeza. Tusemapo maelezo kamili hatuna maana ya ukurasa mmoja wa kutimiza wajibu. Tunataka maandishi ambayo mzee wa baraza la kata akisomewa ataweza kusema, hapa umesema kweli na hapa umekosea.

Tunayo na mapendekezo mengine, nayo hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, Wizara ya Katiba na Sheria, Mahakama, Bunge na Tume ya Kurekebisha Sheria, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1980 ili kuzichunguza sheria zetu, zikutane na vyuo kila mwaka na kutoa orodha ya maswali yanayoisumbua nchi, ili mwenye kutafuta swali asikose pa kuanzia. Pili, kila tasnifu ya sheria inayokamilika ipelekwe nakala katika maktaba ya Bunge na kwa Tume hiyo, na mwenye tasnifu aitwe aieleze mbele ya kamati inayohusika. Tatu, mtafiti arudi katika vijiji alikokusanya maelezo, asome mbele ya mkutano alichokiandika, na majibu ya wananchi yaingizwe katika tasnifu kabla ya kutahiniwa. Nne, mwajiri ampe mtumishi wake likizo ya kweli ya masomo, na kwa malipo hayo amdai kazi iliyokamilika.

Tunaongeza neno kwa wale wanaoitafuta shahada hii kwa ajili ya cheo. Wamo nchini watu wanaopenda kuitwa Daktari kabla hawajapenda kusoma. Hutafuta chuo kisichouliza maswali, au humlipa mtu awaandikie. Katika taaluma ya sheria tabia hiyo ni mbaya mara mbili, kwa kuwa mwanasheria ameapa kuilinda kweli. Vyuo visilegeze mtihani kwa sababu ya ukubwa wa mtu, na mtahini asione haya kumrudisha nyuma mwenye wadhifa. Shahada iliyopatikana kwa ujanja humdhulumu yule hakimu wa wilayani aliyekesha na taa yake miaka mitano.

Kwa mwanasheria kijana ambaye anasoma maneno haya na anafikiri kuanza safari hiyo, ushauri wetu ni mfupi. Kabla ya kwenda maktaba, nenda Mahakama ya Mwanzo ukae benchi la nyuma kwa juma moja. Nenda kwenye baraza la ardhi la kata. Sikiliza jinsi mwanamke anavyoeleza habari ya shamba lake na jinsi anavyokatizwa. Swali likishakukera kiasi cha kukukosesha usingizi, hilo ndilo litakalokufikisha mwisho wa miaka yote ile, maana hamu ya cheo huisha mapema.

Na kwa wakuu wa vyuo na wa Wizara tunasema kwamba Dodoma imepewa bahati ambayo miji mingi ya Afrika haina: watunga sheria, watoa haki, watafiti na wananchi wanaoguswa na sheria hizo wanaishi katika jiji moja, kiasi kwamba basi moja la asubuhi huweza kuwabeba wote. Ni aibu iwapo watu hao wataendelea kupishana njiani bila ya kusomana. Bunge litakapokutana tena, tungependa kumsikia mbunge mmoja akisimama na kuuliza ni tasnifu ngapi za sheria zimekamilika nchini mwaka huu, zinasema nini, na wananchi wamezipata kwa lugha gani. Sisi tutalichapa jibu lake katika ukurasa huu.